Upepo Utokao Penye Mashimo Meusi, na Eksirei Zinazoufichua

(Mhadhara wa hadhara uliotolewa Malindi mbele ya walimu wa sayansi, wanafunzi na wakazi wa mji. Umechapishwa karibu kama ulivyosemwa.)



Nawashukuru walionialika, na nawashukuru zaidi walimu mliosafiri kutoka Kilifi na Garsen kuja kusikiliza habari za vitu vilivyo mbali kuliko safari yoyote tunayoweza kuifanya. Vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, sogeeni mbele mkae hata chini. Hapa mbele pana nafasi.

Nimeombwa nizungumzie mashimo meusi. Mada ni pana, nami nimechagua upande wake mmoja: gesi ambayo mashimo meusi makubwa huitupa nje. Madhumuni yangu jioni hii ni kuwaonyesha kwamba shimo jeusi lililo katikati ya galaksi huitikisa galaksi hiyo zaidi kwa kile linachokisukuma nje kuliko kwa kile linachokimeza. Wengi wetu tumelisikia shimo jeusi likielezwa kuwa ni kinywa kisichoshiba. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yameacha nusu ya habari, na nusu hiyo iliyoachwa ndiyo wanaastronomia wamekuwa wakiifuatilia kwa miaka 40 sasa kwa kutumia eksirei. Nina hoja tano. Hazilingani kwa urefu. Ya tatu na ya nne nitakaa nazo zaidi, kwa sababu ndizo zinazoeleza tunajuaje tunachodai kujua.

Hoja ya kwanza: kila tunachokiona kiko nje ya shimo

Katikati ya galaksi yetu, yapata miaka 26,000 ya nuru kutoka hapa tulipo, lipo shimo jeusi lenye uzito wa Jua zaidi ya milioni 4. Linaitwa Sagittarius A*. Picha yake ilitolewa tarehe 12 Mei 2022 na mtandao wa darubini za redio uitwao Event Horizon Telescope, ule ule uliotoa picha ya shimo la galaksi ya M87 mwaka 2019. Hilo la M87 ni zito mno, uzito wake ni Jua bilioni 6.5. Karibu kila galaksi kubwa iliyochunguzwa vizuri imeonekana kuwa na shimo la namna hii katikati yake.

Uzito ni mkubwa, lakini umbo ni dogo. Shimo lenye uzito wa Jua bilioni moja lina mpaka ulio kilomita bilioni 3 hivi kutoka kitovu chake. Lingewekwa mahali pa Jua letu, mpaka huo ungefika karibu na njia ya sayari ya Uranus. Galaksi kama yetu, kwa upande wake, ina upana wa kama miaka 100,000 ya nuru. Sasa kitu kidogo kiasi hicho kinawezaje kuigusa galaksi nzima?

Jibu ni nishati. Gesi inapolikaribia shimo haidondoki moja kwa moja. Inazunguka, inajipanga kuwa diski, na kwa kuwa tabaka la ndani huenda kasi kuliko la nje, matabaka husuguana na joto hupanda. Juu ya diski hukaa taji la gesi nyembamba yenye joto linaloweza kufika nyuzi bilioni moja, na taji hilo ndilo linalotoa eksirei. Ndani ya Jua, hidrojeni inapogeuka kuwa heliamu, asilimia 0.7 tu ya uzito wake hugeuka nishati. Gesi inayozama kwenye shimo jeusi huweza kutoa kiasi cha asilimia 10. Ndiyo sababu kiini cha galaksi, shimo lake likiwa linakula, kinaweza kung'aa kuliko nyota zote za galaksi hiyo zikijumlishwa pamoja. Viini vinavyong'aa kupita vyote ndivyo tunavyoviita kwasari.

Najua kuna atakayeuliza: kama hata mwanga hautoki kwenye shimo jeusi, upepo unatoka vipi? Nimjibu kabla hajainua mkono. Kilichovuka mpaka hakirudi. Upepo ninaouzungumzia huanzia nje ya mpaka, kwenye diski. Ni gesi iliyokaribia ikapashwa moto, ikasukumwa na nguvu ya mwanga wenyewe au ikarushwa na sumaku, ikaondoka.

Hoja ya pili: ilibidi kupanda juu ya hewa, na safari hiyo ilipitia hapa kwetu

Tunazijua eksirei kwa hospitali, kwamba hupenya nyama na kuonyesha mfupa. Mtu anaweza kudhani hewa haiwezi kuzizuia. Lakini hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu ina uzito sawa na maji ya kina cha mita 10, na eksirei zinazotoka angani huishia humo zote. Ni heri kwa uhai wetu, ila mwanaastronomia hana budi kukipeleka chombo chake juu ya hewa hiyo. Tarehe 18 Juni 1962, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi kutoka New Mexico, Marekani, na katika dakika chache ilizokaa juu wakaona chanzo chenye nguvu cha eksirei upande wa kundinyota la Nge. Roketi ikapanda, ikashuka, basi. Kilichohitajika ni chombo kinachobaki juu.

Chombo hicho kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni. Wazee mlio hapa mnalifahamu jukwaa hilo. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru siku hiyo, na Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi kwa upande wa NASA, akaiita setilaiti hiyo Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya eksirei za angani peke yake. Walikuja huku kwa sababu za kifizikia. Karibu na ikweta, mzunguko wa Dunia huisaidia roketi, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huliepuka kwa kiasi kikubwa lile eneo la chembe zenye umeme lililo juu ya Atlantiki ya kusini, ambazo huvivuruga vipokezi.

Uhuru ilijizungusha mara moja kila dakika 12 hivi, ikifagia anga ukanda baada ya ukanda, hadi Machi 1973. Iliacha orodha ya vyanzo 339. Humo mlikuwa na galaksi zenye viini vinavyong'aa, kama NGC 4151, na mlikuwa na makundi ya galaksi ambayo katikati yake mmejaa gesi ya moto mkali, jambo ambalo halikutarajiwa. Kutoka jukwaa lile lile, tarehe 15 Oktoba 1974, ikaruka Ariel 5 ya Waingereza. Ariel 5 ndiyo iliyoiona alama ya chuma ndani ya gesi ya kundi la galaksi la Perseus. Tafadhali liwekeni akilini hilo la chuma, na hilo la Perseus pia, kwa maana yote mawili yatatufaa baadaye. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mimi ningependa kila mwanafunzi wa sekondari wa pwani hii aijue habari ya Uhuru kama anavyoijua nguzo ya Vasco da Gama.

Hoja ya tatu: chuma ndicho kinachotupa kasi

Upepo hauonekani katika picha ya kawaida. Unasomwa katika spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa mpangilio wa nishati yake. Taji lililo karibu na shimo hutoa eksirei za nishati mbalimbali bila mapengo. Gesi ikiwa imesimama kati ya taji hilo na sisi, kila aina ya atomu hunyonya nishati zake maalumu, na mahali hapo kwenye spektra hutokea mstari wa giza. Mstari ukionekana mahali pake pa kawaida, gesi imetulia. Ukionekana kwenye nishati ya juu zaidi, gesi inakuja upande wetu. Mkisimama kando ya barabara ya Lamu mnalijua jambo hili kwa masikio: bodaboda inayokuja ikipiga honi ina sauti nyembamba, ikishawapita sauti inakuwa nzito. Mwanga nao hufuata kanuni hiyo.

Mwaka 1984 Jules Halpern, akitumia setilaiti ya Einstein, alionyesha kwamba mbele ya kwasari MR 2251-178 kuna gesi iliyonyang'anywa sehemu ya elektroni zake na inanyonya eksirei. Vyombo vya wakati ule havikuweza kuitenganisha mistari vizuri. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1999, zilipopanda setilaiti mbili kubwa: Chandra ya Marekani mwezi Julai na XMM-Newton ya Ulaya mwezi Desemba. Chandra ilielekezwa kwa galaksi ya NGC 3783 kwa jumla ya sekunde 900,000, ambazo ni zaidi ya siku kumi. Ikarudi na mistari mingi ya oksijeni, neoni, magnesiamu, silikoni na chuma, yote ikisema kwamba gesi inakuja kwetu kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde. Kazi ile ilikuwa nzuri sana na hadi leo inafundishwa. Hata hivyo, upepo wa polepole namna ile hubeba nishati ndogo, na kwa maoni yangu hauwezi peke yake kuibadilisha galaksi.

Upepo wenye nguvu uko karibu zaidi na shimo, na hapo mashahidi ni wachache. Eksirei huko ni kali hata zinazivua atomu nyepesi elektroni zote, na atomu isiyo na elektroni hainyonyi kwa mistari. Chuma kina elektroni 26. Hata kikivuliwa sana kinaweza kubaki na mbili au moja. Kikibaki na mbili, mstari wake mkuu huwa kwenye nishati ya kilo-elektronivolti 6.7, kikibaki na moja huwa 6.97. Hiyo ndiyo alama yetu.

Sasa niwape mfano mmoja, na walimu mnaweza kuupeleka darasani kesho. Iko kwasari iitwayo PDS 456. Iligunduliwa mwaka 1997 katika uchunguzi wa Wabrazili waliokuwa wakitafuta nyota changa. Ilikuwa imejificha nyuma ya vumbi la galaksi yetu wenyewe. Iko zaidi ya miaka bilioni 2 ya nuru kutoka hapa, na katika sehemu hii ya ulimwengu iliyo karibu nasi hakuna kwasari nyingine isiyotoa redio kali inayoishinda kwa mng'ao. Katika spektra yake, baada ya kuondoa athari ya kupanuka kwa ulimwengu, lipo pengo pana karibu na kilo-elektronivolti 9. Pale hapana mstari wowote wenye nguvu wa kuelezea pengo hilo kwa gesi iliyotulia. Tuseme ni chuma chenye elektroni moja, kilichosogezwa kutoka 6.97. Gawanya 9 kwa 6.97, unapata 1.29. Izidishe kwa yenyewe, unapata 1.667. Toa moja, inabaki 0.667. Ongeza moja kwenye ile 1.667, inakuwa 2.667. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 0.25. Gesi ile inakuja kwetu kwa robo ya kasi ya mwanga. Ni kilomita 75,000 kila sekunde, na mzingo wote wa Dunia ni kilomita 40,000 tu.

Matokeo kama haya yalipoanza kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wapo wanaastronomia makini waliokataa, na walikuwa na haki. Pengo moja kwenye spektra yenye kelele linaweza kuwa bahati tu, na pengo lililotokea kwa bahati ndilo linalokimbiliwa kuchapishwa huku spektra zisizo na kitu zikibaki kabatini. Dawa ya shaka hiyo ni kupima galaksi nyingi kwa kipimo kimoja. Mwaka 2010 Francesco Tombesi na wenzake walichukua galaksi 42 zilizokuwa katika hifadhi ya data za XMM-Newton, wakazipima zote kwa utaratibu ule ule, na wakauona upepo wa kasi katika zaidi ya theluthi yake. Kisha mwaka 2015 Emanuele Nardini na wenzake waliiangalia PDS 456 kwa XMM-Newton pamoja na setilaiti ya NuSTAR, wakaona pamoja na pengo la giza mwanga mpana wa chuma pembeni yake. Mwanga huo hutoka kwa gesi isiyo mbele yetu. Maana yake upepo unaenda karibu pande zote, na ukienda pande zote unaweza kukadiria kiasi chake. Walipata gesi ya uzito wa Jua 10 hivi kwa mwaka, na nguvu iliyo kama moja ya tano ya mng'ao wote wa kwasari ile. Kwangu mimi, hapo ndipo jambo lilipohama kutoka kwenye tetesi.

Hoja ya nne: chombo kizuri zaidi kilikuja baada ya kupotea mara tatu

Vyombo nilivyovitaja, katika sehemu ya spektra ambako chuma kinaonekana, vingeweza kutofautisha nishati zinazopishana kwa elektronivolti 100 na ushei. Kwa hiyo upepo wa PDS 456 ulionekana kama bonde moja pana. Je, ni upepo mmoja laini au ni mikondo mingi iliyoshikamana? Kwa chombo kile swali hilo halikuwa na jibu.

Wajapani, wakishirikiana na Wamarekani, walikuwa wamelijua jibu la kiufundi kwa muda mrefu. Eksirei moja ikigonga kipande kidogo cha kitu baridi sana, kipande hicho hupata joto kidogo, na kiasi cha joto hukwambia nishati ya eksirei ile. Baridi inayotakiwa ni nyuzi 0.05 tu juu ya sifuri halisi, baridi kuliko anga za juu zenyewe. Chombo cha kwanza cha namna hiyo, kilichokuwa ndani ya setilaiti ya ASTRO-E, kilipotea Februari 2000 roketi yake iliposhindwa kufika. Cha pili kilipanda Julai 2005 ndani ya Suzaku, na kabla ya mwezi kwisha heliamu ya kukipoza ilikuwa imevuja yote. Cha tatu kilipanda Februari 2016 ndani ya Hitomi. Wiki chache baadaye setilaiti ilishindwa kujiongoza, ikaanza kujizungusha mpaka ikavunjika. Kuna watafiti walioanza kazi hii wakiwa vijana wa kuandika tasnifu na walikuwa wameshaota mvi siku Hitomi ilipovunjika. Walirudi mezani wakatengeneza cha nne. Napenda vijana mliokaa hapa mbele mlisikie hilo, kwa sababu ndivyo kazi hii ilivyo.

Setilaiti iliyokibeba, XRISM, iliruka kutoka Tanegashima, Japani, tarehe 7 Septemba 2023. Kipokezi chake, kiitwacho Resolve, kina vipande 36 vilivyopangwa sita kwa sita, kila kimoja kikiwa na upana usiofika milimita moja, na 35 kati yake hutazama anga. Mlango wa kinga ulio mbele ya kipokezi ulikataa kufunguka, na mpaka leo eksirei za nishati ya chini hazipiti. Eneo la chuma, namshukuru Mungu, limenusurika, na hapo Resolve hutofautisha nishati zinazopishana kwa elektronivolti 5.

Wakaielekeza kwa PDS 456, na matokeo yakatoka katika jarida la Nature mwaka 2025. Lile bonde moja limegawanyika kuwa mistari mitano iliyojitenga, kila mmoja na kasi yake, kati ya asilimia 20 na 30 ya kasi ya mwanga. Upepo ule umekatikakatika. Unakuja kwa mabonge, na watafiti wanakadiria kwamba mabonge hayo yanaweza kufika hata milioni moja. Makadirio ya gesi inayotoka yamepanda juu sana kuliko yale ya mwaka 2015.

Nataka mkae kidogo na jambo hili, maana hapa ndipo penye utata wenye faida. Nguvu ya upepo huu wa ndani ni zaidi ya mara elfu ya ile inayoonekana katika gesi inayotoka kwenye galaksi yenyewe, mbali na shimo. Nishati yote hiyo inaishia wapi? Huenda upepo hauvumi siku zote, unavuma kwa vipindi vifupi katika maisha marefu ya kwasari. Huenda pia mabonge yanapenya katikati ya mawingu ya galaksi, kwenye njia zilizo wazi, yakatoka nje bila kuyasukuma sana. Nadharia tulizokuwa tukizifundisha zilidhani upepo laini unaosukuma kila kitu kilicho mbele yake. Nadharia hizo sasa zinaandikwa upya.

Hoja ya tano: upepo huu unaamua nyota zizaliwe au zisizaliwe

Mwaka 1998 Joseph Silk na Martin Rees waliandika kwamba shimo jeusi linalokua linaweza kuifukuza gesi ya galaksi yake, na kwa kufanya hivyo kujinyima chakula. Miaka miwili baadaye makundi mawili ya wanaastronomia yakaonyesha kwamba uzito wa shimo unaenda sambamba na kasi za nyota zilizo katika uvimbe wa katikati ya galaksi. Nyota hizo ziko mbali mno na shimo kiasi kwamba mvutano wake hauzifikii kwa maana yoyote. Lazima kuna mawasiliano ya namna nyingine, na upepo ndio mshukiwa wa kwanza.

Ushahidi ulio wazi kabisa hautoki kwenye kwasari, unatoka kwenye makundi ya galaksi. Turudi Perseus, umbali wa miaka milioni 240 ya nuru. Gesi yake ina joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi na inang'aa kwa eksirei, kwa hiyo inapoteza joto. Kwa hesabu ya kawaida ingekwisha kupoa sehemu ya katikati, ikaanguka, na kuzaa nyota mamia kwa mwaka. XMM-Newton iliitafuta gesi hiyo iliyopoa katika makundi ya namna hii na haikuikuta kwa kiasi kilichotarajiwa. Kuna kitu kinaipasha moto. Picha za Chandra zimekionyesha: kuzunguka galaksi ya NGC 1275, iliyo katikati ya Perseus, pana mapango mawili makubwa ambamo gesi imesukumwa kando na mikondo inayotoka kwa shimo jeusi, na nje ya mapango hayo pana mawimbi ya mgandamizo, duara baada ya duara. Hayo ni mawimbi ya sauti. Wimbi moja hufuatwa na jingine baada ya kama miaka milioni 10, kwa hiyo sikio lolote lisiyatarajie.

Katika kundi liitwalo MS 0735.6+7421 mapango ni makubwa zaidi. Kila moja lina upana wa zaidi ya miaka 600,000 ya nuru. Galaksi yetu ingetoshea humo mara kadhaa kwa kupangwa bega kwa bega. Kitu kilichochimba pango hilo kina mpaka usiozidi upana wa mifumo michache ya sayari.

Hitomi nayo, kabla haijavunjika, ilikuwa imeshaitazama Perseus. Ilipima msukosuko wa gesi ile ukawa kilomita 164 kwa sekunde, kiasi kidogo kuliko wengi walivyokisia. Setilaiti ile haikuishi hata miezi miwili, na kipimo chake bado hakina budi kutajwa katika kila mjadala wa namna nishati ya shimo inavyosambaa.

Kwa kwasari, niseme wazi, mnyororo haujafungwa. Mwaka 2015 Tombesi na wenzake walionyesha galaksi moja, IRAS F11119+3257, ambayo ina upepo wa eksirei karibu na shimo na pia gesi baridi ya molekuli ikitoka nje kwa kama kilomita 1,000 kwa sekunde, na nishati zake zilikaribiana vya kutosha kudai kwamba mmoja umemsukuma mwenzake. Galaksi nyingine zimekataa kufuata hesabu hiyo. Mimi naamini upepo unafanya kazi inayodaiwa, lakini naamini pia kwamba unaifanya kwa vipindi, na galaksi unayoipiga picha leo inaonyesha athari ya upepo uliovuma zamani, sio huu wa sasa.

Hata galaksi yetu ina makovu. Mwaka 2020 darubini ya eksirei eROSITA, iliyorushwa mwaka uliotangulia kutoka Baikonur, ilionyesha mapovu mawili ya gesi ya moto, moja juu na moja chini ya galaksi, kila moja likinyanyuka kama miaka 45,000 ya nuru. Katikati yake ndipo alipo Sagittarius A*, ambaye leo ametulia. Huenda ni yeye, huenda ni mlipuko wa kuzaliwa kwa nyota nyingi kwa pamoja. Nishati inatosha kwa vyote viwili, na mjadala unaendelea.

Mwenyekiti, muda wangu unakaribia kwisha na naona mikono imeanza kuinuka. Niseme tunaelekea wapi.

Swali kubwa sasa ni namna upepo unavyoanza. Julai 2024 XRISM na XMM-Newton, pamoja na vyombo vingine, ziliiangalia NGC 3783, ile ile ya sekunde 900,000, kwa siku kumi. Eksirei zake zikawaka ghafla, na mng'ao ulipokuwa ukififia, ndani ya siku moja hivi, upepo mpya ukatokea ukienda kwa karibu asilimia 20 ya kasi ya mwanga. Kwa mara ya kwanza tumeushika karibu na dakika ya kuzaliwa. Mng'ao ulifuatwa na mrusho, kwa mtindo unaofanana na ule ambao sumaku za Jua letu hurusha gesi yake, na hilo limewapa nguvu wanaosema injini ya upepo huu ni sumaku. Tukio moja halitoshi kuamua. Yanahitajika mengine kumi, ishirini, katika mashimo mepesi na mazito. XRISM iko juu na inaendelea kuyatafuta, na Ulaya inaandaa darubini kubwa zaidi, NewAthena, inayokusudiwa kuruka karibu na mwisho wa miaka ya 2030. Mwanafunzi aliye sekondari leo atakuwa na umri wa kuiandikia maombi ya kazi.

Wala hana haja ya kungoja mpaka hapo. Data za Chandra, XMM-Newton na NuSTAR, baada ya muda wa kawaida wa waliozipata kwanza, huwekwa wazi kwa kila mtu bila malipo, na programu za kuzichambua ni za bure vile vile. Zile galaksi 42 za mwaka 2010 zilitoka katika hifadhi ya namna hiyo. Hakuna aliyerusha setilaiti mpya. Ninachowaomba walimu wa vyuo vilivyowakilishwa hapa ni kwamba tuunde kikundi kimoja cha pwani, tuanze na spektra ya PDS 456, kila mwanafunzi aipate ile 0.25 kwa mkono wake, kisha tuchague galaksi ambazo bado hazijapimwa kwa utaratibu mmoja. Nimemwachia katibu karatasi ya kuandika majina na anwani, na spektra ya kwanza nitaituma kwa kila atakayejiandikisha.

Sasa nipo tayari kwa maswali, na naomba tuanze na wale waliokaa chini.